Si ya Siwema

Haya yalitokea juzijuzi tu, katika nchi ambayo jina lake sitalitaja, kwa kuwa sheria yetu inataka likitajwa litajwe pamoja na vyeo vyake vyote, na karatasi siku hizi haipatikani. Ni nchi nzuri. Ina mlima, ina mito, na ina Mkuu wa Wakuu anayependwa kiasi kwamba uchaguzi ulifutwa ili watu wasipoteze muda kuthibitisha jambo linalojulikana. Mimi ni raia wa huko, naitwa Baba Chiku, nauza mkaa, sina ubaya na mtu.

Siku moja Mkuu wa Wakuu alisikia kwamba nchi jirani imeichukua gemu moja ya kwenye simu na kuifanya katuni ya televisheni, na katuni hiyo imepewa tuzo huko ng'ambo, na rais wao amepigwa picha akiikumbatia tuzo hiyo kama kaizaa yeye. Mkuu hakula chakula cha mchana. Ilitangazwa redioni kwamba hakula, ili na sisi tusile. Jioni ikatoka amri: nchi yetu nayo iwe na katuni iliyotokana na gemu, iwe bora kuliko ya jirani, na iwe tayari kabla ya sikukuu ya kuzaliwa kwake.

Wizara ya Burudani na Nidhamu ikaanza kutafuta gemu. Ikagundua kwamba nchi nzima ina gemu moja tu iliyotengenezwa na mwananchi, na hiyo moja Wizara yenyewe ilikuwa imeipiga marufuku. Jambo hilo halikumsumbua mtu. Waziri, Mheshimiwa Mbwana Sifuni, alisimama bungeni akaeleza kwamba kitu kilichopigwa marufuku na Wizara ni kitu ambacho Wizara imekicheza mpaka mwisho, kwa hiyo ubora wake hauna shaka. Wabunge wakapiga meza.

*

Gemu hiyo iliitwa Ndoo, na aliyeitengeneza ni binti wa mtaani kwetu, Semeni, ambaye chumba chake na changu vimetengwa na ukuta mmoja mwembamba. Ndani yake kuna msichana anakwenda bombani na ndoo tupu kichwani. Njiani kuna vizuizi, na kila kizuizi kina askari. Msichana hana bunduki wala panga, ana maneno tu. Askari akisema "Lipia ndoo," unabonyeza, msichana anajibu "Sikubali." Askari akisema "Rudi ulikotoka," anajibu "Sirudi." Akiambiwa "Sahau maji," anajibu "Sisahau." Ukichelewa kubonyeza, ndoo inapasuka unaanza upya.

Mwisho wa njia, kama ilivyo kwenye gemu zote, kuna bosi. Huyu alikuwa jibaba limekalia bomba. Kila msichana anapomjibu, bosi ananywea kidogo, ananywea tena, mpaka anaenea kwenye kisoda. Hapo msichana anakinga maji, anafika kwao, anasema, "Mama, maji haya." Gemu imekwisha. Vijana wa mtaani waliicheza hiyo gemu kwenye simu zao hadi askari walipopita nyumba kwa nyumba kuifuta.

Sura ya yule msichana na sauti yake vilikuwa vya Siwema, dada yake Semeni. Walirekodi wamejifunika blanketi ili kuku wangu wasiingie kwenye sauti, na mimi niliwasikia ukutani wakicheka na kuambiana, "Rudia, hiyo umeisema kama unaomba chumvi." Baada ya hapo Siwema alikwenda Idara ya Maji kuuliza kwa nini mabomba ya mtaani kwetu yanatoa upepo. Alipotoka mlangoni, alipakiwa kwenye gari lisilo na namba. Alipofuatiliwa huko Idara ya Utulivu, jibu likawa kwamba hajakamatwa mtu, na wala mtu mwenyewe hajapata kuzaliwa. Hata jina, walisema, lina mashaka.

Jina halina mashaka. Mama yao, mpika vitumbua, alipokuwa na mimba ya kwanza alisumbuliwa na mawifi mpaka akajifungulia kwa jirani. Mtoto akamwita Siwema, ili wahusika wajijue. Wa pili akamwita Semeni, maana mawifi walikuwa bado wanasema. Sote tulimwita Mama Siwema.

Mama Siwema alikuwa kila Alhamisi anakwenda kwenye geti la Idara ya Utulivu kumuulizia mwanawe. Mwanzoni walikuwa wengi pale getini, kila mmoja na wake. Wakapungua mmoja mmoja, akabaki peke yake. Askari wa getini alikuwa kijana mwenye adabu. Alimjibu maneno yaleyale, "Hatuna mtu huyo mama. Labda uje Alhamisi."

*

Kamati ya Kitaifa ya Kuigeuza Gemu kuwa Katuni Yenye Maadili iliundwa haraka, na mimi nikateuliwa kuingia kama Mwananchi wa Kawaida. Nilipimwa kwanza. Waliniuliza nina maoni gani kuhusu mambo mbalimbali, nikasema sina, nikapita.

Semeni aliitwa mbele yetu. Waziri Sifuni alisimama kwa miguu yake miwili kumpokea, jambo ambalo lilitangazwa kwenye taarifa ya habari.

"Binti yangu," alisema, "taifa linakuomba gemu yako."

"Mliifungia, Mheshimiwa."

"Tuliifungia kama mama anavyofungia vikombe vya wageni kabatini. Sasa mgeni amefika."

Semeni alikuwa amejifunga mtandio wa dada yake. Niliutambua. Akasema, "Nitaitoa, ila nina sharti. Sauti ya yule msichana ibaki ya dada yangu, asije mtu mwingine kuigiza. Na mwishoni, majina yanapopita, jina lake lipite."

Waziri akamgeukia afisa wa Idara ya Utulivu, ambaye alihudhuria vikao vyote amevaa miwani ya jua. "Dada gani?"

"Hayupo," alisema afisa.

"Huyo huyo asiyekuwepo," alisema Semeni.

Waziri akafikiri, kisha uso ukamng'aa. "Msanii asiyekuwepo! Hachelewi kazini, hadai posho, hagomi. Nimekubali. Tena nakuapia kwa Mkuu wa Wakuu: katika sauti yake hatutaongeza hata herufi moja."

Nje, Semeni alinishika mkono. "Baba Chiku, umesikia? Wakishamwonesha kwenye televisheni yao wenyewe, na jina lake, watasemaje tena kwamba hayupo? Itabidi watuambie yuko wapi." Nikamwambia mwanangu una akili sana, na nilimaanisha. Jioni hiyohiyo walikuja kuchukua kompyuta yake na kila kifaa chenye sauti ndani, kwa matumizi ya taifa.

*

Kikao cha kwanza kilimjadili bosi. Mchoraji aliyeletwa kutusaidia alieleza kwa adabu kwamba katika gemu kazi ya mchezaji ni kumpiga bosi. Katika kamati ile kila mtu alikuwa bosi wa mtu, isipokuwa mimi.

"Ampige kwa nini?" aliuliza Katibu Mkuu, na sauti yake imeingiwa na majonzi. "Amemkosea nini?"

"Amekalia bomba, mzee."

"Sasa asipolikalia yeye, nani atalikalia?"

Swali hilo halijapata jibu mpaka leo. Ikaamuliwa kwamba bosi hakalii bomba, analilinda, tena kwa kutumia mwili wake mwenyewe. Apunguzwe meno, aongezwe tabasamu. Halafu mjumbe mmoja akaona hatari nyingine: msichana anatoka bombani na ndoo imejaa, bosi anabaki na kiu. Hilo likarekebishwa pia. Sasa msichana atatoka nyumbani na ndoo imejaa, atavuka vizuizi vyote, atamfikishia bosi. Maji hayatapungua hata tone, na ndoo ni ileile, kwa hiyo tulihesabu kwamba hadithi haijabadilishwa. Nilipoulizwa kama Mwananchi wa Kawaida naonaje, nilisema naona sawa.

Shida ikabaki kwenye sauti. Picha unaweza kuigeuza utakavyo, lakini Waziri alikuwa ameapa kwa Mkuu, na kiapo kama hicho ukikivunja unavunjika nacho. Tuliwashiwa kanda tukamsikia Siwema: Sikubali. Sirudi. Sisahau. Kila alipotamka, wajumbe walisogeza viti nyuma kidogo. Mimi niliinamisha uso, maana ilikuwa sauti ya jirani yangu niliyemwona akikua, na kwa dakika ile nilimkumbuka vibaya sana.

Hapo ndipo alipoinuka Dakta Mwinshehe, mtaalamu wa lugha, ambaye tangu vikao vianze alikuwa hajasema kitu zaidi ya kuomba chai.

"Waheshimiwa," alisema, "lugha yetu imeumbwa na mtu anayeipenda serikali. Ubaya wote wa mwananchi umekaa mbele, kwenye silabi moja. Mkate hiyo, mwone kinachobaki."

Fundi wa sauti akakata. Akabonyeza. Siwema akasema kwa sauti yake mwenyewe, kavu, bila kusitasita: "Kubali."

Watu walisimama. Fundi akakata nyingine. "Rudi." Nyingine. "Sahau." Waziri alilia machozi, na machozi yake yakapigwa picha. "Hatujaongeza hata herufi!" alikuwa anarudia. "Hata herufi! Tumepunguza tu!"

Haikuwa rahisi kote. "Sitaki" ilipokatwa ikabaki "taki," na Waziri akauliza Taki ni nani na kwa nini anaitwa kwenye katuni ya taifa. Dakta alieleza kwamba maneno mengine yakikanwa yanaharibika mpaka mkiani, hayafai tena kwa kazi ya serikali, yatupwe. Yakatupwa. Ila kwa furaha ya ushindi Waziri aliagiza silabi ya si iondolewe katika katuni nzima, na mashine ikapewa kazi hiyo. Mashine haina uoga. "Siku njema" ikawa "ku njema." "Polisi" wakawa "poli," na afisa wa Utulivu akavua miwani kwa mara ya kwanza, kwa hiyo polisi wakarudishiwa si yao kwa kibali maalumu. Neno "sisi" lilitoka lote, kwa kuwa ni si mbele na si nyuma. Palikuwa na kipande watu wa mtaa wanasema "Sisi tuna kiu." Kikabaki "Tuna kiu," kisha nacho kikafutwa, kwa kuwa haikujulikana ni akina nani.

Mwisho wakafika kwenye jina la mhusika. Siwema. Dakta Mwinshehe alitabasamu tu, hakuhitaji kueleza.

*

Semeni alipooneshwa kazi alifika hadi mlangoni kwa Waziri anapiga kelele. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nimekwenda kuchukua cheti changu cha ukawaida.

"Mliniahidi sauti yake!"

"Si yake hiyo?" aliuliza Waziri, kwa upole wa kweli.

"Hakusema hivyo!"

"Binti, kuna neno hapo ambalo hakulitamka kwa kinywa chake? Nionyeshe moja. Kubali, amelitamka. Rudi, amelitamka. Sahau, amelitamka. Alikuwa nayo ndani, sisi tumemsaidia kuyatoa."

"Nirudishieni basi zile rekodi zangu. Za mwanzo."

"Hizo ndizo tulizokata, mwanangu. Nguo ikishashonwa, kitambaa unakidai wapi?" Halafu akakumbuka jambo, maana Waziri alizaliwa na fundi cherehani na mila za cherehani anaziheshimu. Kwetu fundi mwaminifu humrudishia mwenye kitambaa vipande vilivyobaki, hata viwe vidogo vya kutia kiraka. Akafungua droo akampa Semeni kijiflashi kimefungwa utepe wa bendera. Ndani yake mlikuwa na mabaki yote: si, si, si, si. Akampa mkono. Picha ilipigwa.

*

Katuni ilianza kuoneshwa siku ya sikukuu, saa moja jioni, kwa amri ya kuwasha televisheni. Mtaa mzima ulijaa kwangu kwa sababu mimi ndiye mwenye televisheni kubwa, zawadi ya kamati. Mama Siwema alikaa mbele, amevaa khanga mpya. Semeni alikaa nyuma yake, hakuweza kumwambia lolote. Nadhani bado alikuwa na tumaini kidogo la lile jina kupita mwishoni.

Yule msichana akatokea kwenye kioo na ndoo yake. Sura ni ileile, hata kovu la nyusi. Mama Siwema akajishika kifua. Msichana akavuka vizuizi, akawaambia watu waliokaa njiani, "Rudi." Akawaambia, "Kubali." Akampelekea bosi maji, bosi akanywa, akambariki. Halafu msichana akageuka akatutazama sisi tuliokaa, akasema, "Mama." Hilo walilichukua kutoka kwenye "Mama, maji haya." Akasema, "Sahau."

Majina yakaanza kupita. Jina la Mkuu wa Wakuu lilipita kwa muda mrefu. Nami nilipita. Mwisho kabisa, kwa herufi ndogo: Sauti ya Wema.

Watu walipiga makofi, ilikuwa lazima. Mama Siwema hakupiga. Machozi yalimtoka, na uso wake ulikuwa laini kama wa mtu aliyetuliwa mzigo. "Ni yeye," alisema. "Ni mwanangu. Kanisemesha."

Baadaye tuzo ilikuja kutoka ng'ambo, na Mkuu alipigwa picha akiikumbatia.

*

Alhamisi ya kwanza baada ya sikukuu nilimkuta Mama Siwema uani anachekecha unga, saa ambayo siku zote huwa ameshapanda basi kwenda mjini. Semeni alikuwa amesimama mbele yake.

"Mama, leo Alhamisi."

"Najua."

"Twende wote. Wamemwonesha wenyewe, mama. Hawawezi kukataa tena."

"Kasema nisahau." Aliendelea kuchekecha. "Muda wote huu namwomba Mungu anisikilizishe sauti yake japo mara moja. Nimesikilizishwa. Sasa nimbishie?"

"Hakusema hivyo! Wamemkata! Alisema sisahau, walimkata mbele!" Semeni alikuwa analia kama mtoto. "Nitakushonea, nitairudisha mahali pake usikie."

"Usinishonee, Semeni. Wewe kazi yako ni kutengeneza mambo, utanitengenezea. Kama una kitu chake, nisikilizishe hivyohivyo kilivyo."

Semeni hakuwa na kitu kingine. Akachomeka kile kijiflashi kwenye redio yangu ya mkaani, akawasha.

Si. Si. Si. Si. Si.

Chekeche likasimama. Mama Siwema aliinamisha kichwa akasikiliza mpaka mwisho, akaomba irudiwe.

"Ndivyo alivyokuwa akifanya mafuta ya vitumbua yakimrukia," alisema. "Hivyohivyo. Hakulia, alikuwa akivuta pumzi tu kwenye meno." Akainuka, unga ukamwagika. "Anaumia huyu. Semeni, mwanangu anaumia mahali."

Alikwenda bila kubadilisha khanga, na mimi na Semeni nyuma yake.

Yule askari mwenye adabu alitupokea kwa furaha. "Mama! Hongera! Mwanao kapatikana. Mimi na watoto wangu tunamwangalia kila siku saa moja."

"Huyo nimemwona. Namtaka mwenyewe."

Askari akaenda kumwita mkubwa wake. Akaja yule afisa wa miwani, akamsalimia mama shikamoo, akanipa na mimi mkono kama mjumbe mwenzake.

"Mama, unayemtafuta ni Wema?"

"Siwema."

"Ndiyo nauliza. Ni Wema?"

"Ni Siwema, baba."

"Basi sikiliza mama yangu. Kama ni Wema, amepatikana, taifa zima linamwona, na mtu aliyepatikana hatafutwi. Kama si Wema, huyo tulikwambia tangu mwanzo hayupo. Chagua mwenyewe, mimi sikulazimishi."

Niliona midomo ya Mama Siwema inajaribu lile jina lisilo na mwanzo. Akauliza kwa sauti ndogo, "Nikisema ni Wema, mtanipa?"

"Tukupe nini tena, mama, na unaye nyumbani kila jioni?"

Semeni alisema maneno pale ambayo sitayaandika. Hakuna aliyemkamata. Afisa alimwangalia kwa huruma, kama mtu anayejua kwamba hata hayo yana silabi za kukatwa. Nasema wazi kwamba niliona vibaya. Niliona vibaya sana, halafu nikakumbuka kwamba jina langu linapita kwenye ile katuni kila jioni.

"Basi nije Alhamisi?" aliuliza Mama Siwema.

Askari wa getini akamtazama mkubwa wake. "Alhamisi hakuna haja, mama," akasema, na akafunga geti polepole ili lisimgonge.

Tulirudi mtaani. Wakaja kukaa kwangu, mama mbele, Semeni nyuma yake na ule mtandio mapajani. Nje watu walikuwa wanapita wakisema, "Habari za jioni, Mama Wema," na yeye akiitikia.

"Semeni," alisema, "washa basi. Saa moja hiyo."

Semeni hakusogea, nikawasha mimi. Msichana akatokea na ndoo yake, akavuka vizuizi, akamnywesha bosi, kisha akatugeukia.

"Mama," akasema.

"Abee mwanangu," akaitika Mama Siwema, akakaa vizuri kusikiliza.